Ngao Aliyetembea Kinyumenyume

Taratibu alikuwa mtu wa nyuma, na hakuona haya kukiri hivyo. Kwenye picha za harusi za ukoo wao anaonekana nusu, bega la mtu mwingine likiwa limemfunika. Kwenye mikutano ya wapangaji alikaa karibu na mlango, na watu wakianza kurushiana maneno alikuwa ameshatoka. Dukani kwa Mama Vioo, alikokuwa fundi wa kukata vioo, meza yake ilikuwa chumba cha nyuma. Mteja mkorofi akiingia na kugonga kaunta, Taratibu alipunguza redio, akabana pumzi, akangoja Mama Vioo amshughulikie. Naye Mama Vioo, mjane mwenye mdomo unaokata kuliko kalamu ya kukatia vioo ya fundi wake, hakukawia kumshughulikia.

Jina lenyewe alilipata kazini. Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili. Mmoja anatazama aendako, mwingine anatembea kinyumenyume, uso wake kwa mwenzake, akipapasa ngazi kwa kisigino. Nafasi hiyo ya pili watu huikimbia. Yeye aliipenda, maana anayerudi nyuma haoni kinachomngoja, na asichokiona hakimkoseshi usingizi. Ameshuka ngazi za maghorofa mengi kwa mtindo huo, midomo ikisema "taratibu, taratibu," na hajavunja kioo hata kimoja. Mama Vioo alikuwa akimtania kwamba siku atakayotembea kwenda mbele kama watu wengine, ndiyo siku atakayojikwaa.

Saa ya chakula cha mchana duka lilifungwa kwa muda. Mama Vioo alisinzia kitini na gazeti usoni, Taratibu akala haraka haraka, akafuta vidole, akaingia kwenye gemu.

Lilikuwa moja ya yale magemu ya mtandaoni ambamo maelfu ya watu wasiojuana wanaishi katika dunia moja ya kubuni. Unaanza ukiwa mnyonge, unapigana na madude, unapanda levo moja baada ya nyingine. Kwenye mapango huingii peke yako; mnaingia kikundi, kila mtu na kazi yake. Ngao anakaa mbele, na kazi yake, tuseme ukweli, ni kupigwa: analichokoza dude ili limkasirikie yeye na kuwasahau wengine. Tabibu anakaa nyuma akimponya. Waliobaki wanalishambulia dude mgongoni. Bila shaka umeshakisia Taratibu alichagua nini. Alikuwa mpiga mishale, tena wa wale wanaosimama mbali mpaka wenzake wanauliza kama bado yupo.

Tabibu alikuwa dada yake mkubwa. Walipokuwa wadogo, mbwa wa jirani akibweka, Dada alimvuta mdogo wake mgongoni, akatangulia yeye, na miguu yake ndiyo iliyobaki na makovu. Baadaye akaolewa na mwanamume ambaye mtaa mzima ulimsifu. Shemeji huyo alimsalimia kila mtu, viatu vyake viling'aa, na barabarani hakupaza sauti hata siku moja. Sauti aliiweka akiba ya nyumbani, na si sauti tu.

Akienda kazini alifunga mlango wa grili kwa kufuli kwa nje, akaondoka na simu ya mkewe mfukoni. Kilichobaki ndani ni tableti ya mtoto wao, binti wa miaka minne. Shemeji alikuwa ameifuta kila kitu isipokuwa katuni na lile gemu, akidhani ni la mtoto kupanda farasi. Kwa hiyo saa ile ya mchana ndiyo pekee ambayo Dada aliongea na mtu wa damu yake, kwa maandishi madogo pembeni ya skrini, huku madude yakiunguruma.

Taratibu alijua. Tusimfichie aibu yake. Alijua siku nyingi akajifanya hamnazo, kwa sababu akikubali kwamba anajua itambidi afanye kitu, na hicho kitu hakutaka hata kukifikiria. Dada aliwahi kwenda kituoni kushitaki. Aliambiwa hayo ni mambo ya ndani, na shemeji akaenda kumchukua huku akitabasamu na kuwashukuru maofisa kwa hekima yao.

Basi ikatokea kwamba ngao wao, fundi bomba mmoja mzee mwenye subira, alipata kazi ya kusafiri akawaaga. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Wabeba ngao ni adimu kwenye gemu lile, maana nani anapenda kupigwa? Walijiandikisha gemuni kutafuta mwingine wakangoja, wakangoja tena, na saa ya mchana ikayeyuka wakiwa nje ya pango wakitazamana.

"Badilisha wewe," Dada akaandika. "Beba ngao."

"Mimi? Dada, unanijua."

"Nakujua. Beba."

Akabadilisha. Upinde akaufungia sandukuni, akavaa mavazi ya chuma ya kuokoteza ambayo hayakulingana, bega moja jeusi na jingine la rangi ya kutu. Kila kitu kikawa kizito. Vijidude alivyokuwa akiviua kwa mshale mmoja sasa vilimchukua muda mrefu hadi vyenyewe vikaonekana kuchoka. Lakini hayo madogo. Siku waliyoingia pangoni, dude lenye kichwa kama jiko la mkaa lilipomkabili na kunguruma, mkono uliokuwa umeshika simu ukalowa jasho. Lilikuwa gemu tu, yeye yuko chumba cha nyuma cha duka, na bado moyo ulimdunda kama amefumaniwa. Akageuka akakimbia.

Dude likamwacha. Likawapita wengine wote, likaenda moja kwa moja kwa tabibu, likamwangusha kwa pigo moja.

Mwenzao mmoja aliyejiita Radi, kazi yake kurusha moto, akaandika: "Ngao gani hii ya karatasi?"

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Kila dude likinguruma, Taratibu aligeuka, na kila alipogeuka aliyeanguka ni Dada. Hakumkaripia. Alimfundisha kama alivyomfundisha kufunga kamba za viatu.

"Lichokoze kwanza, lisiwe na hamu na mtu mwingine. Kisha lizungushe litazame ukuta, sisi tupite mgongoni kwake."

"Naogopa, Dada."

"Ogopa. Ukiogopa rudi nyuma, lakini usigeuke. Likikuona uso linakufuata wewe. Likiona mgongo wako linanitafuta mimi. Na usijifiche nyuma ya nguzo, nisipokuona siwezi kukuponya."

Tangu hapo, kabla ya kila pambano, aliandika neno moja: "Nakuona." Na Taratibu, ambaye kazini anarudi nyuma siku nzima, akagundua kwamba hicho anakiweza. Akirudi nyuma, uso mbele, hatua kwa hatua, dude linamfuata. Woga haukupungua hata chembe. Lakini Dada hakuanguka tena, na levo zikaanza kupanda.

Halafu siku moja uponyaji ukawa wa kuchelewa. Taratibu alipigwa akakaribia kufa, ndipo mwanga wa tabibu ukamfikia.

"Dada, vipi leo?"

"Natumia mkono mmoja."

"Umefanyaje?"

"Nilianguka bafuni." Maandishi yakakaa hapo. Kisha yakaja mengine. "Sikuanguka. Mdogo wangu, Jumapili tunahama. Amepata kazi mbali, anasema huko hakuna mtandao wala majirani. Nitoe."

Taratibu alisoma neno hilo la mwisho mpaka skrini ikazima. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi, alikata kioo vibaya. Akakata kingine, nacho kikapasuka upande upande. Mama Vioo akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe, unanimalizia duka?"

Akamweleza. Alieleza akitazama sakafu, na alipomaliza alitegemea kuambiwa awe mwanaume, au aache mambo ya watu. Mama Vioo aliuliza tu, "Mlango unafunguliwa lini?"

"Akiwa nyumbani yeye."

"Basi utaingia akiwa nyumbani yeye."

Wazo hilo lilimtia kizunguzungu. Kuvunja kufuli mchana shemeji akiwa kazini haikuwezekana, maana mlinzi wa chini alikuwa mtu wake wa chanda na pete. Kilichobaki kilikuwa kuingia kwa mlango, kwa salamu, kama mgeni. Akakosa sababu ya kwenda. Kusema kweli, hakuitafuta sana.

Sababu ikamtafuta yeye. Alhamisi simu iliita, na ile sauti laini ikamwambia, "Shemeji yangu, hujambo? Dirisha la sebuleni limevunjika, nilikuwa namtupia panya kiatu. Mwenye nyumba hapokei funguo likiwa hivyo. Njoo Jumamosi asubuhi unisaidie, si ndiyo kazi yako?"

Akaitikia ndiyo, hapana shida, shemeji.

Ijumaa mchana wakaingia gemuni, Dada na yeye, wakasimama mbele ya pango bila kuingia.

"Kioo kipya lazima mtu akishike na viganja viwili mpaka nipigilie fito za kukizuia," Taratibu akaandika. "Atakuwa anatazama dirisha. Ukiona ameweka mikono, mchukue mtoto utoke. Mama Vioo yuko chini na pikapu, mkipanda aondoke."

"Na wewe?"

"Nitabaki na shemeji."

"Ukiogopa?"

"Nitaogopa."

"Basi unajua la kufanya," Dada akaandika, na tableti ikazimwa.

Jumamosi Taratibu alivaa viatu vyake vya kazi, akavifunga mara mbili. Yeye na Mama Vioo wakapandisha kile kioo mpaka ghorofa ya tatu, yeye akitangulia kinyumenyume kama kawaida. Shemeji akafungua grili. Alikuwa ametoka kuoga, ananukia sabuni, ndala miguuni.

"Karibuni, karibuni. Mpole wetu huyo!"

Sebule ilijaa maboksi yaliyofungwa kwa kamba. Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mkono mmoja umefungwa kitambaa, mtoto ameshika gauni lake. Taratibu hakumtazama zaidi ya salamu. Angemtazama, uso wake ungesema kila kitu, maana uso wake haujui kunyamaza.

Wakaegemeza kioo ukutani. Mama Vioo akajipigapiga mifukoni.

"Ah, misumari nimeiacha kwenye gari! Usifunge, baba, narudi sasa hivi." Akatoka, ndala zake zikipiga ngazi kwa kelele ya makusudi.

Shemeji akasogea mlangoni. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye grili, ufunguo ndani yake. Akalishika. Taratibu aliona vidole vile vikiuzungusha ufunguo. Ulimi ulikuwa mzito, lakini aliunyanyua.

"Shemeji, nishikie hapa. Kitaanguka."

Aliita akiwa ameshainua kioo peke yake, kinayumba kweli, kwa sababu mikono yake ilitetemeka kweli. Shemeji akacheka kidogo, akaacha kufuli, akaja. Wakakipachika kwenye fremu.

"Viganja viwili. Sukuma, usiachie. Ukiachia kitatuangukia sote."

Shemeji akaweka viganja. Uso dirishani, mgongo kwa nyumba nzima. Taratibu akachukua ufito wa mbao, akachukua nyundo ndogo, akatoa misumari iliyokuwa mfukoni mwake muda wote.

"Kumbe misumari unayo?" shemeji akauliza, bila kugeuka.

"Hii... ni michache tu."

Nyuma yao, kitu kikasogea. Taratibu aligonga ufito pasipo na msumari, ili kuwe na kelele. Akagonga tena. Alisikia mtoto akiuliza kitu na kunyamazishwa. Alisikia kisanduku kikiburuzwa kidogo na mguu. Jasho jembamba lilimchuruzika mgongoni, na kila pigo la nyundo aliomba liwe refu zaidi. Kisha grili ikafunguliwa, na mwanga wa ngazini ukaingia ndani.

Hilo hakulifikiria, yeye mtu wa vioo! Kioo kipya, safi, alichokifuta mwenyewe asubuhi kwa gazeti, kilipokea ule mwanga na kuwaonyesha wote: Dada, kitambaa cha mkono, mtoto akiwa kiunoni, wako kizingitini. Shemeji aliwaona. Taratibu alimwona akiwaona.

Viganja vikatoka kwenye kioo.

Kioo kikaja chini kizima, kikapasuka sakafuni kwa mlio uliomziba Taratibu masikio. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kugeuka na kukimbia kupita mlango ule ule, awe wa kwanza mtaani. Aliruka vipande, akafika kwenye mlango wa grili, na hapo akasimama. Si kwa ushujaa. Alisimama kwa sababu nyuma yake alisikia miguu ya Dada ikishuka, na alijua shemeji akiona mgongo wake atampita tu kama nguzo.

"Toka hapo," shemeji akasema. Sauti ya barabarani haikuwepo tena.

Gemuni kuna kitufe cha uchokozi, unakibonyeza na dude linakasirika. Hapa kitufe hakikuwepo. Taratibu alikuwa hajawahi kumtukana mtu maishani, hata dereva. Alifungua mdomo bila kujua kitatoka nini.

"Ulikuwa unampiga kwa sababu ulijua mimi ni mwoga. Si ndiyo? Ulijua sitakuja. Nimekuja! Mwoga mimi nimekuja, wewe mwanaume wa sabuni!"

Hata leo hajui "mwanaume wa sabuni" aliitoa wapi. Lakini ilifika. Shemeji aliacha kutazama ngazi, akamtazama yeye. Yeye tu. Akaja akikanyaga vipande kwa ndala, na ngumi ya kwanza ikampata Taratibu kwenye taya.

Akarudi nyuma. Kisigino kikapapasa, kikapata ngazi. Akarudi tena. Ya pili ikampata sikioni, ya tatu mdomoni, akasikia jino likilegea na damu yenye ladha ya chuma. Alilia, jamani, machozi yalimtoka kama mtoto, na huku analia alimwita yule mtu kila jina lililomjia, na uso wake hakuuondoa. Shemeji akijaribu kumpita, Taratibu alisogea na kuziba njia, mikono imetandazwa kama aliyebeba kioo kipana. Milango ya ghorofa ya pili ikafunguliwa. Mtu akasema, "Ee, kuna nini?" Wanaume wawili waliosimama pale na miswaki mdomoni wakamtazama jirani yao mstaarabu akiwa na ngumi hewani, na sura ambayo hawajawahi kuiona. Mmoja akatema povu, akamshika mkono. Mwingine akamshika kiuno.

"Mke wangu huyo!" shemeji alipiga kelele. "Wanamwiba mke wangu!"

"Tulia kwanza, jirani. Tulia."

Taratibu hakungoja kuona kama watamweza. Aliendelea kushuka vilevile, uso juu, akimpita mlinzi aliyeduwaa, mpaka saruji ikawa vumbi na jua likampiga kisogoni. Alikuwa barabarani. Pikapu itakuwa imeshaondoka, alijiambia, kama walivyopanga, na sasa yuko peke yake, na yule mtu akichomoka mikononi mwa wale wawili hakuna tena nyuma ya kwenda. Macho hayakutoka kwenye mlango wa ghorofa.

"Nakuona," sauti ikasema nyuma yake.

Hayakuwa maandishi. Ilikuwa sauti ya Dada, karibu, ikikwaruza.

"Tulipatana muondoke," akasema kwa mdomo uliovimba.

"Amekataa!" Mama Vioo akafoka kutoka kwenye usukani, injini ikiunguruma. "Nimemwambia mara mia, anasema mpaka akuone. Pandeni basi, au mnataka niwapikie chai hapa?"

"Twende, mdogo wangu," Dada akasema. "Tumetoka wote. Geuka sasa."

Taratibu alitaka kugeuka. Alijua imekwisha, alijua gari liko pale, alijua hata anachekesha. Lakini juu kule kelele zilikuwa bado zinasikika, na shingo ilikataa. Akigeuka tu, alihisi, mtu yule atamwona Dada.

"Mama," mtoto akanong'ona, "mbona mjomba anatembea nyumanyuma?"

Dada hakumjibu. Alinyoosha ule mkono wake mzima, akamshika mdogo wake shati mgongoni, akaanza kumwongoza. Naye Taratibu akaja, kisigino kwa kisigino, macho yake mlangoni, mpaka mgongo wake ukagusa ubavu wa gari.